Kitabu Kimekaa Bwera

Kasese, 12 Machi 2025

Mjomba Zubairi,

Assalaam aleikum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima na saumu inakwenda vizuri huko Bwera. Huku joto limetukaba. Mvua inazunguka mlimani kila jioni lakini haishuki mjini. Mama anakusalimu. Mguu wake umepungua kuvimba, naye ameanza tena kukaanga sambusa za futari kwa majirani. Daktari alimkataza, ila hapa nyumbani hakuna anayethubutu kumkumbusha. Nisalimie Mama Shadiah na watoto.

Utauliza kwa nini siongei kwa simu. Ni wewe uliyenizoeza. Nilipokuwa bweni ulinitumia barua kwa madereva wako, ukasema simu ni ya bei za maharage. Mpaka leo nikikupigia unasema "nitakuandikia" kisha unakata. Basi nakuandikia, na Ziyad ataileta kwa taksi yake, akikumbuka.

Kipindi chetu cha redio, Meza ya Jumamosi, kinaendelea. Sijui kama unakisikiliza, hujawahi kuniambia. Sehemu ya kwanza ni siasa: yeyote anayetaka cheo anakuja, anakaa, anaulizwa. Ya pili ni mpira, na hapo yuko Hardy, yule kijana wa Butembo anayepiga kelele kana kwamba sisi wote tuko ng'ambo ya uwanja. Ya tatu ni vitabu. Hiyo ndiyo yangu.

Mjini hapa hakuna duka lenye riwaya za Kiswahili, na nakala niliyonayo ni moja, ile ya chuo. Kwa hiyo tunafanya hivi: kitabu kinasafiri. Msomaji anakaa nacho wiki mbili, Jumamosi anapiga simu na kusema alichokiona ndani, halafu anampa dereva akipeleke kwa mwingine. Kimepita Maliba kwa mkulima wa kahawa, kimepita Muhokya kwa mama muuza chai. Hao wawili waligombana hewani mpaka Hardy akaomba kupuliza kipenga. Hadithi ni ya dada wawili. Baba yao anakufa, wanabishana juu ya nyumba, na mkubwa anang'oa mlango, anajitwika kichwani na kuondoka nao. Kila mtu aliyepiga simu mpaka sasa anamlaani huyo dada mkubwa.

Sasa ni zamu yako. Ndiyo, nimekuandika bila kukuuliza. Baada yako kitakwenda kwa Amony, mwanamke anayelinda hifadhi kule Mweya.

Masharti ni mawili: usikunje kurasa, na usimwazime mtu.

Nakuambia na hili ili ujue. Babirye, meneja wetu, ananipenda, lakini anasema vitabu havileti simu za kutosha. Kuna watu wa kubeti mechi wanaitaka nusu saa yangu. Amenipa mpaka mwisho wa Julai. Kama wasomaji hawasikiki, sehemu ya vitabu inafungwa. Mjomba, niliacha kufundisha kwa ajili ya nusu saa hiyo. Nikiwa ndani yake ndipo nahisi kwamba nilisoma kwa sababu.

Kitabu nimekifunga kwenye nailoni. Kinakuja pamoja na barua hii.

Mpwa wako,
Naswiba

—

Bwera, 2 Aprili 2025

Kwa mama yangu Naswiba,

Waaleikum salaam. Eid njema ingawa imeshapita. Ziyad alikaa na barua yako nyuma ya kioo cha gari mpaka jua likaifanya ya njano. Sisi wazima. Mama Shadiah alichinja kuku wawili, akasema wa tatu ni wako, akamwacha hai. Anatembea hapa uani na jina lako. Mwambie dada yangu apumzishe huo mguu. Sambusa zake nazijua, hazistahili mguu wa mtu.

Wewe ulipewa jina la mama yangu, na sasa umeanza kunituma kama yeye. Yeye alikuwa ananituma chumvi Katwe bila kuniuliza kama nina viatu. Sawa. Kitabu kimefika. Nimekifungua, nimekiangalia mbele na nyuma. Ni kinene. Nimekiweka mezani ofisini, mahali ambapo nakiona.

Unauliza kama nasikiliza kipindi. Mtu mwenye uwanja wa malori hasikilizi kitu kimoja, anasikiliza vyote. Mwambie Hardy timu yetu ya Bwera si dhaifu kama alivyosema. Kipa alikuwa na malaria, na aliyemweka golini ni mimi, kwa sababu kipa wa pili alikuwa amekwenda harusini. Mlezi wa timu anabeba mambo mengi.

Biashara ni ya kusukumana. Siku za soko Mpondwe panajaa, halafu siku nyingine bariyeri ya mpakani inafungwa tangu asubuhi na hakuna anayejua sababu. Philippe, yule Mkongomani wangu wa mawese, anavuka akiweza. Anakusalimu. Anakukumbuka ulipokuwa mdogo ukimsomea maandishi ya kwenye madumu.

Nitasoma. Usinihesabie siku.

Ni mimi ninayekuombea,
Mjomba Zubairi

—

Kasese, 7 Mei 2025

Mjomba,

Salaam nyingi. Mvua imeshuka hatimaye, na barabara ya nyuma ya kituo imekuwa mto. Mama ni mzima. Anasema kuku mwenye jina langu asichinjwe mpaka nije mwenyewe.

Sikuhesabii siku. Ila Jumamosi tatu zimepita nikisema hewani, "Leo tunamsubiri msomaji wetu wa Bwera," kisha nikasoma mwenyewe ukurasa niliokuwa nimeunakili. Sauti yangu peke yake kwa nusu saa si kipindi, ni mtu anayeongea na ukuta. Babirye anapita nje ya kioo cha studio na kuangalia saa yake. Hanisemeshi. Ni afadhali angenisemesha.

Amony amenipigia kutoka Mweya. Anasema: "Dada, mimi nina tembo wanaokula uzio, nina watalii wanaotaka kushuka garini wampige simba picha. Jioni nataka kitu cha kusoma. Huyo mjomba wako anasoma au anakariri?"

Hukupiga simu kwenye kipindi. Nikikupigia unasema utaniandikia. Umekichoka? Kama umekichoka sema, hilo nalo ni maoni. Mpe Ziyad. Hata leo.

Nakungoja,
Naswiba

—

Bwera, 30 Mei 2025

Mama yangu,

Salaam kwako na kwa dada yangu. Samahani kwa kuchelewa. Shadiah amefaulu mtihani wa ushonaji, sasa anashona kila kinachokaa kimya, juzi ameshona pazia kwenye shati langu. Idi ya kuchinja iko karibu. Njooni kama mguu unaruhusu.

Timu imeshinda mbili. Ya pili tulishinda kwa bao la mkono, lakini refa alikuwa anaangalia ng'ombe walioingia uwanjani. Usimwambie Hardy.

Lori moja limekwama Malaba kwa sababu ya karatasi. Lingine liko Mbarara. Mawese hayapiti vizuri siku hizi. Philippe sijamwona tangu Aprili. Njia za kule ndani si nzuri, watu wanasema hivi, wengine wanasema vile. Mimi husimama karibu na daraja siku za soko, naangalia wanaovuka. Wanakuja wengi.

Kitabu kiko salama.

Mama Shadiah anasema unakonda. Amekuona wapi sijui, lakini anasema amesikia kwenye sauti yako.

Mjomba

—

Kasese, 18 Juni 2025

Mjomba Zubairi,

Assalaam aleikum. Sisi wazima.

Kiko salama wapi?

Naswiba

—

Bwera, 24 Juni 2025

Naswiba,

Waaleikum salaam. Leo sikuiti mama.

Nimekusikia. Uliuliza kama nasikiliza kipindi: nimekisikiliza tangu siku ya kwanza, hata ile siku ulipokohoa ukasahau kufunga maikrofoni. Jumamosi iliyopita nilikuwa uwanjani kwangu na madereva wangu wote, tumekaa juu ya magunia, redio iko juu ya tairi. Ukasema: "Kitabu kimekaa Bwera. Kuna mzee mmoja huko ana malori yanayofika Mombasa, lakini kitabu kimoja kimemshinda kukifikisha Mweya."

Hukutaja jina. Bwera kuna wazee wangapi wenye malori ya Mombasa na mpwa redioni? Madereva waliangalia viatu vyao. Mmoja akasema, "Hajji, nikipeleke mimi? Gari langu liko tupu." Wakacheka mpaka nami nikacheka, maana ningefanya nini.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo. Bodaboda wa kona ya soko wananisalimia, "Hajji, umefika ukurasa wa ngapi?" Jumapili tulicheza na timu ya kule juu, tukiwa nyuma bao moja. Upande wao mzima ukaanza kuimba: ki-ta-bu, ki-ta-bu. Kipa wetu akageuka kuangalia nani anaimbiwa, akafungwa la pili. Na jana yule anayetaka uenyekiti wa mji amepita na spika juu ya gari, akasimama mbele ya ofisi yangu: "Mkinipa kura maji yatafika, taa zitafika, na kitabu kitarudi Kasese." Watu walipiga makofi kwa kitabu kuliko maji.

Haya nayavumilia. Nina ngozi ya kutosha. Lakini uliponiuliza kiko wapi, kwa maneno matatu, nilikaa na karatasi hiyo. Sasa nakujibu.

Sina kitabu. Nilikaa nacho siku chache tu. Philippe alikuja siku ya soko na madumu yake, akakiona mezani kati ya mizani na kikombe. Akakishika. Akaanza kusoma amesimama. Watu wake wakashusha mzigo wote bila yeye, wakaweka mawese kwenye lori la maharage, hakuona. Mwisho akaniambia: "Hajji, hii kitabu iko inanivuta. Niachie. Nitaimaliza mu njia, soko ingine niko hapa nayo."

Nikampa. Wewe ulisema nisimwazime mtu, na nilikuwa nimesoma sharti hilo. Nitakwambia nilivyofikiri: mimi macho yangu yamezoea karatasi za mizigo. Kitabu kile kilinitisha, Naswiba. Nikasema, Philippe atasoma, atanihadithia, nami nitaongea redioni kwa mdomo wake, na mpwa wangu atafurahi. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

Akavuka. Soko lililofuata hakuja. Simu yake haiiti. Waliotoka upande wa Beni wanasema kijiji cha dada yake kilihama chote kwa ajili ya vita, hawajui wamekwenda wapi. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia habari za ng'ombe na pazia. Nilidhani nikiandika kwenye karatasi kwamba Philippe amepotea, nitakuwa nimekubali. Si kitabu ninachokingoja pale darajani.

Nitakununulia kingine, kama kinapatikana Kampala au Nairobi. Hilo jingine sijui linapatikana wapi.

Zubairi

—

Kasese, 27 Juni 2025

Mjomba wangu,

Salaam, na radhi kabla ya salaam.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Ziyad bado anangoja nimpe jibu. Nimemwambia aende akale. Nimeisoma tena.

Yale niliyosema hewani sikuyapanga. Hiyo si sababu, na naijua tofauti. Siku ile Babirye aliniuliza kama nitakubali kusoma matokeo ya mechi za kubeti wakati vitabu vitakapofungwa, akaniuliza kwa upole, kana kwamba ameshazika. Niliingia studio na hasira isiyo na mwenyewe, nikakupa wewe. Nilijua Bwera itakujua. Hilo ndilo linaloniumiza: nilijua. Nimekuwa mtu wa kuongea na maelfu na kushindwa kumuuliza mjomba wake swali moja kwa adabu.

Mama nimemsomea sehemu ya Philippe. Ameacha kukaanga. Akasema, "Yule aliyekuwa anatuletea matunda ya maracuja?" Akaenda kukaa uani. Baadaye akarudi akaniuliza: "Wewe si una redio?"

Ndiyo, nina redio, na sikuwa nimefikiri. Mjomba, masafa yetu yanavuka. Hardy anasema ndugu zake walioko kilimani ng'ambo wanatusikia kuliko watu wa Maliba. Kila mtu anaulizwa karatasi pale bariyeri isipokuwa sauti. Nataka Jumamosi niseme hivi: kitabu chetu kimevuka, na msomaji wetu amevuka nacho. Hatuulizi kitabu. Tunamuuliza msomaji. Mwenye habari zake, au za dada yake, apige simu, Hardy atapokea kwa lugha ya kwao.

Sitataja jina kama unaona kuna hatari kwake, au kama bado hutaki liandikwe. Wewe ndiye unayemjua. Nijibu kwa njia yoyote.

Babirye nimemwambia kila kitu. Akasema, "Mpaka mwisho wa Julai nusu saa ni yako. Itumie unavyotaka." Sijui kama hiyo ni huruma au kuaga.

Nakuomba uniite mama tena siku ukiweza.

Naswiba

—

Bwera, 22 Julai 2025

Mama,

Waaleikum salaam. Dada yangu namsalimu, na mwambie kwamba akili ya familia hii aliibeba yeye yote, mimi niliachiwa malori.

Nilikupigia nikasema "taja" nikakata. Si dharau. Sauti ilikuwa inanikimbia.

Yaliyotokea Jumamosi unayajua kwa upande wako, ndani ya kile chumba chenye magodoro ukutani. Nataka nikwambie jinsi yalivyokuwa huku, maana hukutuona.

Jumamosi mbili za kwanza ulipotangaza jina lake, tulisikiliza mpaka mwisho, hakuna simu. Bodaboda wakaacha kunitania. Ya pili walikuja wenyewe kukaa nasi. Hii ya tatu uwanja ulijaa: madereva, wanawake wa sokoni, Wakongomani waliokimbilia huku, hata yule wa uenyekiti alikuja bila spika. Siasa ikapita. Mpira ukapita, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana na Hardy. Halafu ukasema, "Tuna simu kutoka ng'ambo." Mama Shadiah akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajafanya tangu tuoane.

"Allô," akasema yule mwanamke. "Miye naitwa Laurentine. Kaka yangu Philippe eko muzima. Mguu yake ilivunjika mu njia, eko ku lopitali, hawezi kutembea. Anasema Hajji amusamehe."

Mama, sikusikia yaliyofuata mara moja, maana watu walikuwa juu yangu. Mtu mmoja alikalia redio. Ikabidi nipige kelele kama afande: "Kimya. Mama anaongea."

Ndipo akasema habari za kitabu. Kwamba walipohama walikwenda kukaa kwenye shule ya parokia, familia nyingi chumba kimoja. Philippe akiwa amelala na mguu wake, kabla ya kupelekwa hospitali, alianza kuwasomea. Wengine wakataka kusoma wenyewe. Kitabu kimoja, mikono mingi. "Sasa tukaikata," akasema. "Miye nashonaka magunia, niko na wembe. Nilitoa uzi, nikaigawa. Huyu anasoma mwanzo, huyu katikati, halafu banabadilishana. Muniwie razi. Tulijua iko na mwenyewe."

Nilikungojea ulie. Wewe uliyenikataza kukunja ukurasa. Badala yake ukamuuliza, taratibu: "Na ninyi mlionaje yule dada aliyechukua mlango?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba wewe kweli ni mtangazaji.

Akajibu, na uwanja mzima ulisikia: "Tunasikiaka batu ya Kasese wanasema huyu dada ni mubaya. Bale bado hawajahama. Siye tulipotoka kwetu, muzee wetu alibeba mulango. Tukamucheka. Tulipofika, nyumba ya kwanza kusimama ni yake, sababu alikuwa na mahali pa kuanzia. Mutu hang'oi mulango kama hana mpango wa kujenga."

Mama, kuna mwanamke hapa, Kahambu, anauza ndizi za kuchoma karibu na daraja. Alikuja na watoto na mlango wa bati wa kijani. Tangu afike umeegemea nyuma ya kibanda chake, na sisi tumekuwa tukiufanyia mzaha. Alikuwepo. Watu waligeuka kumwangalia, na mmoja wa madereva wangu, yule mkorofi, akamsogezea gunia akae.

Kitabu bado kiko kule. Laurentine amesema ataleta mwenyewe njia ikifunguka. Sasa sina haraka.

Nisikuchoshe. Simu zilizofuata baada yake nilizisikia zote. Yule meneja wako bado anaangalia saa?

Mjomba wako, aliyelala vizuri juzi,
Zubairi

—

Kasese, 9 Agosti 2025

Mjomba wangu Zubairi,

Salaam kutoka kwa watu wawili wenye furaha na mguu mmoja uliopona. Mama anakuja Bwera mwezi ujao, anataka kumwona kuku.

Kitabu kimefika. Laurentine alikivusha mpaka kwako, kama ujuavyo, na Ziyad, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinipigia simu njiani kuniambia amebeba nini. Nilikipokea kwa mikono miwili. Sikukitambua. Kimekuwa kinene zaidi, kimevimba kwa mvua na kwa vidole. Laurentine amekishona tena kwa uzi wa magunia, ule wa kahawia, mishono mikubwa mikubwa pembeni. Jalada ni kipande cha gunia la maharage. Kinanuka moshi na mawese. Nilikaa nacho kitandani kama mtu aliyerudishiwa mtoto amekua.

Zamani ningelia kwa ajili ya kile kitabu cha chuo. Nimejichunguza, nimetafuta huzuni hiyo, sikuipata.

Babirye alikifungua mezani kwake, akapitisha kidole kwenye uzi. Tangu ile Jumamosi simu hazikatiki: watu wanataka kusema juu ya mlango, juu ya nyumba walizoziacha, mama wa Muhokya amepiga kubadilisha maneno yake yote na mkulima wa Maliba amempinga upya. Watu wa kubeti wamepewa asubuhi ya Jumapili. Akaniambia: "Nusu saa ni yako, na ukihitaji zaidi tutamfinya Hardy." Hardy akasema mpira haufinywi. Akafinywa dakika kumi.

Lakini bado tulikuwa na nakala moja, na wasomaji waliojiandikisha hawamaliziki hata mwakani. Nilikizungusha mkononi siku nzima. Jioni nikachukua wembe wa Mama, nikakata uzi wa Laurentine. Vipande vikaachana vyenyewe, vinajua njia.

Kwa hiyo sasa tutasoma kama wao. Mwanzo umekwenda Mweya kwa Amony, ambaye amengoja kuliko wote. Cha pili kiko Maliba. Cha katikati nimempelekea Philippe, maana nasikia anahamia kwako mpaka mguu ukae sawa, na Laurentine anasema alipelekwa hospitali akiwa bado hajafika hapo. Cha mwisho ni chako. Kila mtu atasema alichokiona, wengine watasikia, tutaunga hadithi hewani. Mwisho wa mwezi Laurentine atashona tena.

Sharti lile la kukunja kurasa nimelifuta. Lile la kutomwazima mtu nimelifuta pia.

Sikuandikii zamu kwa nguvu mara hii. Kama kinakutisha, kiweke mezani tu, mahali unapokiona.

Mpwa wako,
Naswiba

—

Bwera, 20 Agosti 2025

Kwa mama yangu Naswiba,

Waaleikum salaam. Sisi wote wazima, na nyumba imeongezeka mtu mmoja mwenye magongo mawili. Philippe amefika. Amekonda, lakini mdomo wake haukuvunjika popote. Anakaa kwenye kochi langu na kipande chake cha katikati, mimi niko mlangoni na changu cha mwisho, na Mama Shadiah anasema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia friji. Kahambu amepata kiwanja kidogo nyuma ya soko. Kuta hazijafika kiunoni na mlango wa kijani umeshasimama. Kila anayepita anapiga hodi.

Nimesoma. Kipande changu kinaanza katikati ya sentensi, mwanamke tayari ameinua mkono na mimi sijui anataka kumpiga nani. Ikabidi niendelee ili nijue. Chai ikapoa. Lori la Mbarara likaingia, dereva akaita, nikamwambia angoje nimalize ukurasa. Akaenda kuwaambia bodaboda, na sasa wananisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Sasa najua wale dada wanaishia wapi, na sijui walipitia wapi. Philippe anajua katikati na ananikatalia. Nimempa mpaka supu ya mbuzi, hasemi. Anasema nisikilize redio kama watu wengine. Wewe nawe usiniambie. Nataka nimsikie Amony.

Msalimie dada yangu. Mwambie kuku amenenepa kwa wivu.

Zamu yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo, nimeona kwenye orodha iliyokuja na kipande umeniandika kwa kalamu ya risasi ili niweze kufutika. Kaza kalamu. Nikipiga simu hewani, mama, usinikatie haraka. Siku hiyo sitakwambia nitakuandikia.

Mjomba wako,
Zubairi